Kasri la Egerton, Mapenzi na Stori za Jaba

Wasee, leo naanza kwa kukiri kosa. Ile video yangu ya Kasri la Lord Egerton, ile mliyoshea mpaka ikafika kwa watu wa Mombasa na Kisumu, ilikuwa na uongo ndani yake. Na aliyenishika hakuwa profesa wala mtu wa makavazi. Ni shosho yangu, akiwa jikoni anachambua maharagwe.

Kwa wale hawakuiona, ilikuwa ya sekunde hamsini na nane. Muziki wa huzuni, kamera inapaa polepole juu ya paa za kasri kule Ngata, halafu sauti yangu nzito ya kujifanya: kijana tajiri kutoka Uingereza alimpenda binti wa Austria. Akamjengea nyumba, binti akaitazama akasema hiyo ni banda la kuku. Kijana akameza uchungu, akajenga kasri la vyumba 52. Binti akaletwa tena, akaangalia juu, akaangalia chini, akakataa, akaenda zake. Kijana akaapa kwamba hakuna mwanamke atakayekanyaga pale mpaka siku ya kufa kwake. Mwisho nikaweka picha ya jamaa mwenye masharubu meusi, machozi yakimtiririka. Hiyo picha niliitengeneza kwa akili mnemba nikiwa ndani ya matatu, kati ya Njoro na tauni.

Manze, ilitrendi. Ilipata watazamaji wengi kuliko kila kitu nilichoposti mwaka mzima. Mtu mmoja alikomenti, "Wanaume tumeteseka tangu enzi za ukoloni," na hiyo komenti peke yake ikapata maelfu ya kopa.

Basi nikampelekea shosho simu nikitarajia sifa. Aliangalia mara ya kwanza, akaniambia nirudishe. Akaangalia tena. Kisha akaondoa miwani.

"Huyu kijana ni nani?"

"Ni Lord Egerton, shosh."

"Huyo hakuwa kijana, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa msichana mdogo alipokufa, na wazee walikuwa wakimtaja. Alikuwa mzee wa mvi."

Nikacheka kidogo, nikamwambia hiyo si kitu, ni kontenti tu. Akarudi kwa maharagwe yake, akatoa jiwe moja dogo, akaliweka kando. Bila kuniangalia akauliza, "Na hayo mawe yote ya hiyo nyumba, yalipanda yenyewe?"

Sikuwa na jibu. Na ndiyo sababu ya posti hii.

Tuhesabu pamoja

Maurice Egerton, Baron wa nne wa Tatton, alizaliwa mwaka wa 1874. Ujenzi wa kasri ulianza 1938. Toa hiyo kwa hiyo: ni mwaka aliofikisha miaka 64. Vita vya Pili vya Dunia vikaingia katikati, kazi ikasuasua, na nyumba ikakamilika 1954, mwaka aliofikisha miaka 80. Akafa 1958. Kwa hivyo yule jamaa wangu wa masharubu meusi anayelia kwenye mvua hakuwahi kuwepo. Aliyekuwepo ni mzee aliyejenga nyumba kubwa kwa muda wa miaka 16 na akaishi ndani yake iliyokamilika kwa kama miaka minne hivi.

Sasa, mtu wa miaka 64 anaweza kupenda, hilo silipingi. Na kuna mambo mawili katika ile hadithi yanayokaa sawa na rekodi: hakuwahi kuoa, na hakuacha mrithi. Alipokufa, cheo chake cha ubaroni kikafa naye. Lakini angalia jinsi hadithi yenyewe inavyotembea. Ukiisikia kwa huyu, nyumba ya kwanza ilikuwa na vyumba vinne, ukiisikia kwa yule ni sita. Mmoja anasema binti alisema banda la kuku, mwingine anasema kibanda cha mbwa. Katika matoleo yote niliyosimuliwa mimi, yule binti hana jina. Amekuja, ametukana nyumba, ameondoka. Anahitajika tu ili mwanaume awe na sababu ya kuhuzunika.

Hivyo ndivyo hadithi za mdomo zinavyofanya kazi. Kila anayepokea anaongeza chumvi kidogo kabla ya kupitisha sahani. Mimi nilimwaga pakiti nzima.

Lakini kinachoniuma si chumvi. Kinachoniuma ni nyama niliyoiacha. Kumbe huyu mzee alikuwa rubani! Mwaka wa 1910, miaka saba tu baada ya ndugu Wright kurusha ndege yao ya kwanza Marekani, Egerton alipata cheti cha urubani nambari 11 kutoka chama cha marubani cha Uingereza. Nambari kumi na moja, wasee. Alikuwa na jumba lingine kubwa la familia kule Cheshire, Tatton Park, ambalo siku hizi linamilikiwa na shirika la hifadhi la Uingereza, National Trust. Na mwaka wa 1939, wakati msingi wa kasri bado ni mbichi, alitoa ekari 740 kuanzisha shule ya kilimo hapo Njoro.

Shule ya nani? Ya vijana wazungu. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yake ya mwanzo, kuwafundisha vijana wa Kizungu ukulima. Kufikia 1955 ilikuwa tayari chuo cha kilimo. Mwaka wa 1958 akaongeza ekari 1,100, na muda mfupi baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka wa 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ndicho kinamiliki kasri leo. Kwa hivyo kama wewe unasoma hapo sasa hivi, umekaa kwenye taasisi ambayo mwanzo wake haukuwa na kiti cha babu yako. Hiyo stori ina mgeuko kuliko filamu yoyote, na mimi niliiruka ili nimwonyeshe jamaa wa kubuni akilia.

Swali la mawe

Turudi kwa swali la shosho. Mawe hayakupanda yenyewe. Kabla hata ya jiwe la kwanza, kulikuwa na ardhi, na ardhi ina hadithi yake.

Mwaka wa 1904 serikali ya kikoloni ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai. Matokeo yake Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa iliyopitiwa na reli, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba Laikipia ni yao daima. Daima hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba wa pili wa kuwatoa huko pia, na walipokwenda kortini mwaka wa 1913 kudai haki yao, kesi ikatupwa. Wakati huohuo huku Njoro, Lord Delamere alikuwa tayari amepewa ekari 100,000 kwa mkataba wa miaka 99. Ekari laki moja kwa mtu mmoja. Hayo ndiyo mazingira ambayo miaka kadhaa baadaye mtu angeweza kuamka akaamua kujenga kasri.

Halafu kuna watu wa kufanya kazi. Waafrika wengi walioishi kwenye mashamba ya walowezi hapa Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha walikuwa maskwota. Sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi hapo. Mwaka wa 1937, yaani mwaka mmoja kabla ya kasri kuanza, ikaja sheria nyingine iliyowabana zaidi, ikawapa walowezi nguvu ya kupunguza mifugo na mashamba yao. Mwanaume alitembea na kipande, ile karatasi ya utambulisho iliyowekwa kwenye kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Bila kipande, ni jela.

Baba yake shosho alikuwa skwota kwenye shamba moja la Njoro, si la Egerton, la mzungu mwingine. Ninachojua kumhusu ni alichoniambia shosho siku hiyo ya maharagwe: kwamba alipofika nyumbani jioni, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua kipande na kukitundika msumarini, na watoto walijua kuwa baba sasa ni wao. Nina miaka ishirini na kitu, nimeishi Nakuru maisha yangu yote, na hiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nilikuwa na shughuli ya kutafuta muziki wa huzuni.

Sasa niambie, ungependa kutazama ipi? Ya binti asiye na jina, au ya mtoto anayengoja sauti ya kikopo cha bati kugonga msumari?

Menengai hakuna mizimu ya kutosha?

Tusiseme kasri peke yake. Panda Menengai. Utaambiwa hapa roho zinalia, watu wanapotea saa nzima wakizunguka mahali pamoja, na ule mvuke unaotoka chini ni pumzi za waliotupwa shimoni. Mimi mwenyewe nimewahi kurekodi hapo usiku na tochi chini ya kidevu. Msinicheke.

Lakini nyuma ya mizimu kuna watu. Katika karne ya 19 koo za Wamaasai zilipigana vita vikali katika nchi hii, na katika miaka ya 1870 Ilaikipiak walishindwa na Ilpurko na wenzao, wakavunjwavunjwa kama jamii. Masimulizi yanasema mashujaa wao walitupwa kwenye kreta, na jina Menengai kwa kawaida huelezwa kuwa linahusu maiti. Hawa walikuwa vijana wa rika letu. Walikuwa na mama zao. Waliobaki walipokelewa na jamii jirani, na damu yao ingali inatembea kwenye hii kaunti. Tunapowageuza kuwa sauti ya kutisha ya Halloween, tunamfanyia mtu mzaha matangani.

Na ule mvuke? Ni maji yanayochemka kwa joto la volkano iliyolala. Kampuni ya serikali ya kuchimba jotoardhi, GDC, ilianza kuchimba visima ndani ya kreta mwaka wa 2011, na tangu 2023 kuna mtambo hapo unaotoa megawati 35 za umeme. Yaani inawezekana hii simu unayosomea imechajiwa na "pumzi ya mizimu". Si hiyo pia ni stori?

Halafu kuna Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kilomita chache tu kutoka tauni ukielekea Nairobi. Wengi wenu mnapita hapo kila wiki na hamjawahi kuingia. Louis Leakey alitambua umuhimu wake mwaka wa 1926, Mary Leakey akachimba 1937 na 1938, na mwaka wa 1943 kikatangazwa mnara wa kitaifa. Kuna mabao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Bao, ile mchezo ya wazee, ipo kwenye jiwe.

Kuna pia mashimo ya Sirikwa, mabonde ya mviringo ardhini. Mwanzoni wataalamu walidhani watu waliishi ndani yake, nyumba za shimoni. Picha tamu sana hiyo, watu wa mashimo. Baadaye mwanaakiolojia John Sutton akaja kuchunguza upya, akaonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za watu zilijengwa pembeni. Kwa hivyo hata wataalamu walikuwa na hadithi, ila tofauti yao na mimi ni kwamba ushahidi ulipokuja, waliiacha.

Na kuna makaburi ya zamani zaidi, ya wafugaji wa enzi za mawe. Wanawake walizikwa na vyombo vya mawe, sahani na vinu. Wanaume hawakuwekewa. Ebu fikiria. Kaunti moja. Upande mmoja kasri ambalo inasimuliwa wanawake walipigwa marufuku. Upande wa pili, kilima ambapo mtu alipochagua nani azikwe na vyombo vya thamani, alichagua mwanamke. Maana yake hasa watu bado wanaijadili, na hakuna haja ya mimi kuitengenezea drama. Ipo tayari.

Lakini makavazi yanaboesha, bana

Najua mtakachosema, kwa sababu ndicho nilichomwambia shosho. Historia ya ukweli inaboesha. Vibao virefu, maandishi madogo, vyungu nyuma ya vioo, usiguse, usipige picha. Watu hulipa tiketi kwa sababu ya mapenzi na mizimu. Bila hadithi ya binti, nani ataenda Ngata? Na bila tiketi, nani atarekebisha paa? Jengo la umri huo linahitaji pesa, na wenye harusi wanaolikodi hawaji kwa sababu ya sheria ya 1918.

Hoja hiyo ni ya kweli kiasi. Angalia nyumba ya Karen Blixen kule Nairobi. Filamu ya *Out of Africa* ilitoka 1985, na mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kama makavazi. Mpaka leo baadhi ya vitu vilivyomo ni vya filamu, si vya mwenye nyumba. Hollywood ilileta watu mlangoni, na mlango ukabaki wazi. Burudani inaweza kuokoa jengo.

Lakini angalia na upande wa pili. Ukienda Unguja, kwenye kanisa la Anglikana la Mkunazini lililojengwa pahali palipokuwa soko la watumwa, huteremshwa kwenye vyumba vya chini, vidogo, vyenye giza, ukaambiwa hapa watumwa walifungiwa wakingoja kuuzwa. Watu hutoka wakilia. Tatizo ni kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa mwaka wa 1873, na wanahistoria kadhaa wametilia shaka kama vyumba hivyo viliwahi kumshikilia mtumwa hata mmoja.

Soko lilikuwepo. Utumwa ulikuwepo. Maelfu kwa maelfu walipitia hapo, na hilo halihitaji chumba cha ziada. Hatari ya kuongeza ni hii: siku mtu anayetaka kukanusha utumwa atakapogundua kwamba chumba kina walakini, atasema basi na yote mengine ni uongo. Ukiweka uongo mmoja ndani ya ukweli mkubwa, umemkabidhi adui ufunguo wa nyumba.

Na sisi watoto wa Nakuru tunajua vizuri kuliko wengi kwamba hadithi za nani alikuja lini si mchezo. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa darasa la kwanza. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru, ule tunaoendea kubembea na kula pamba ya sukari, uligeuka kambi ya mahema. Kulikuwa na watoto wa darasa letu ambao hawakurudi, si kwa sababu walikufa, bali kwa sababu familia zao ziliambiwa warudi "kwao", na "kwao" hapakuwa wanapopajua. Wakubwa walikuwa wakibishana kuhusu ardhi ya nani, nani alikuwa hapa kwanza, nani alikuja na reli, nani aliletwa na mzungu. Kila upande ulikuwa na historia fupi, tamu, ya kukumbukika, yenye shujaa na mwizi. Kama video yangu tu.

Hiyo 1904, hao Ilaikipiak, hao Sirikwa, hao maskwota waliotoka milimani na kuletwa Njoro kufanya kazi, ukiwaweka wote kwenye meza moja, hakuna anayeweza kusimama akasema Nakuru ilianza na yeye. Ndiyo maana naona ukweli mrefu ni salama kuliko uongo mfupi. Ukweli mrefu una nafasi ya watu wengi.

Paukwa

Sasa, je, tuache hadithi? Hapana. Mimi nitaendelea kusimulia ile ya binti na banda la kuku mpaka nizeeke. Ni tamu, na imekuwa sehemu ya mahali pale. Watu wa Nakuru kuisimulia kwa miongo yote hii ni historia pia, ni historia yetu sisi tunavyomtazama mzungu aliyekuwa na kila kitu akakosa kimoja. Ukifikiria vizuri, hicho ni kicheko cha maskwota. Mwenye ekari zote hizo, anaambiwa nyumba yake ni ya kuku! Sitashangaa kama hiyo sentensi ilizaliwa jikoni kwa wafanyakazi na si mdomoni mwa binti wa Austria. Hiyo ni dhana yangu, na nimeiita dhana.

Na hapo ndipo nataka kufika. Wazee wetu walikuwa na mbinu ya hili jambo kabla ya sisi kupata simu. Mtu akitaka kutoa ngano, hakuanza tu. Alisema "Paukwa!" na watu wakajibu "Pakawa!" Kila jamii ilikuwa na namna yake. Huo haukuwa urembo. Ulikuwa ni mlango. Ukishajibu "pakawa" unajua umeingia nchi ambapo sungura anaongea na fisi anakopa pesa. Mzee yuleyule akianza kueleza mpaka wa shamba au ukoo wa mama yako, hapakuwa na paukwa. Hapo alitaja majina, na mzee wa pili alikuwa amekaa pembeni kumsahihisha.

Sisi tumeondoa mlango. Ngano na mpaka wa shamba vyote vinakuja kwa sauti ileile, muziki uleule, sekunde hamsini na nane.

Nikiwa shule ya msingi tulipelekwa ziara mahali fulani, sitapataja, na aliyetuongoza akatuonyesha shimo akasema linaenda moja kwa moja mpaka Bahari ya Hindi. Alikuwa anatania nafikiri. Lakini hakusema paukwa. Tuliandika kwenye madaftari, mwalimu akaweka tiki nyekundu, na mimi niliamini lile shimo mpaka kidato cha pili. Kilomita zaidi ya mia tano za handaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaoongoza wageni, kwa wenzangu wenye kamera na kwangu mwenyewe si kubwa. Tuambiane tu tuko upande gani wa mlango. Hii imeandikwa. Hii inasimuliwa. Hii nimeitunga. Inachukua sekunde tatu na haiui utamu, kwa sababu mtu akijua ni ngano anacheka zaidi, na akijua ni kweli anakaa kimya zaidi. Na pale kasri, ningependa siku moja kuona chumba kimoja tu kati ya vile 52 kimetengwa kwa waliobeba mawe. Mafundi wa Kihindi, vibarua, wapishi, maskwota. Kikopo kimoja cha kipande kikining'inia msumarini. Niamini, watu watapiga picha hapo.

Mimi nimeifuta ile video? Hapana. Nimeiacha, nikaweka maelezo juu yake, na nikatengeneza nyingine ya dakika tatu. Inaanza na shosho akisema "Paukwa", halafu hadithi ya binti, halafu shosho anasema "Sasa tuongee", na tunaingia 1874, 1904, 1938. Hakuna jamaa wa masharubu.

Haijatrendi. Nikisema ukweli, imepata watazamaji wachache sana ukilinganisha na ya kwanza. Lakini komenti zake, wasee, ni tofauti. Mmoja ameandika kwamba babu yake alikuwa akichota maji kwenye shamba la mlowezi huko Molo. Mwingine amesema nyumbani kwao kuna kikopo cha bati ambacho watoto huchezea na hakuna aliyejua ni cha nini, mpaka alipoona video. Amekiosha, amekiweka juu ya kabati.

Shosho ameitazama mara mbili, kama ile ya kwanza. Safari hii hakuuliza kitu kuhusu mawe. Alisema tu, "Umesema jina la baba vizuri," kisha akaniuliza kama nimekula.

Wewe una shosho? Una guka, kogo, dani, kokoo? Usiulize kuhusu lord. Uliza yeye alikuwa wapi mwaka huo, na nani alikuwa anafanya kazi. Halafu uniambie.